Reli za Mfano Mwishoni mwa Wiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wajenzi wa Mwanza

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Mwanza na miji jirani ya mwambao wa Ziwa Victoria wanaojenga reli za mfano nyumbani, na ambao muda wao wa kufanya kazi hiyo ni Jumamosi na Jumapili tu. Pale ambapo kuna njia zaidi ya moja, nimeeleza ile ninayoipendelea na sababu yake, na msomaji ana hiari ya kutokubaliana nami.

Reli ya mfano inatofautianaje na treni ya kuchezea watoto?

Inatofautiana kwa kipimo. Treni ya kuchezea hutengenezwa ili izunguke na kufurahisha, ilhali katika reli ya mfano kila kitu, kuanzia taruma, yaani mti au zege inayolala chini ya reli, hadi paa la stesheni, hupunguzwa kwa uwiano mmoja ambao mjenzi amejifunga nao. Uwiano huo ndio unaoitwa skeli. Inayotumika zaidi duniani ni HO, ambayo ni 1:87, na inayofuata ni N, ambayo kwa kawaida ni 1:160. Katika HO mtu mwenye kimo cha sentimeta 170 huwa na takriban milimeta 20, na katika N hubaki na milimeta 11 hivi.

Nikitaka kujenga reli ya Mwanza yenyewe, nichague skeli ipi?

Jibu linategemea ni reli ipi unayoikusudia, kwa kuwa sasa mkoa una habari za reli mbili. Ya kwanza ni ile iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, yenye upana wa milimeta 1,000 kati ya chuma na chuma, ambayo wengi siku hizi huiita MGR, yaani reli ya upana wa meta moja. Ya pili ni SGR, yenye upana wa milimeta 1,435, ambayo ujenzi wa kipande chake cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilometa 341, ulianza mwaka 2021.

Anayejenga SGR ana kazi nyepesi upande wa vipimo. Milimeta 1,435 zikigawanywa kwa 87 zinatoa karibu milimeta 16.5, na huo ndio upana wa njia za HO zinazouzwa kila mahali. Atakachohitaji kuongeza ni mataruma yenye sura ya zege pamoja na nguzo na nyaya za juu, kwa sababu reli hiyo imesanifiwa kutumia umeme wa kilovolti 25.

Anayejenga MGR ana mtihani mkubwa zaidi, na binafsi naona ndio wenye utamu. Akibaki katika 1:87, njia yake inapaswa kuwa na upana wa milimeta 11.5. Zipo njia za milimeta 12 zinazotengenezwa Ulaya kwa ajili ya reli nyembamba za milimani, lakini bei yake ni kubwa na vichwa vya treni vinavyopita juu yake vina sura ya Uswisi, si ya Tabora. Njia ninayoipendekeza ni kugeuza hesabu: chukua njia ya kawaida ya milimeta 16.5, ambayo hupatikana kwa urahisi hata ikiwa imetumika, kisha jenga kila kitu kilicho juu yake kwa 1:60. Milimeta 16.5 mara 60 ni 990, yaani pungufu ya milimeta 10 tu kutoka meta moja kamili, na hakuna jicho litakaloliona hilo. Mwenye nafasi ndogo anaweza kufanya vivyo hivyo kwa njia ya N ya milimeta 9 na skeli ya 1:110, na hesabu itamletea milimeta zilezile 990.

Gharama ya uamuzi huo ni kwamba huwezi kununua behewa likiwa tayari. Utanunua mtambo wa chini wenye mota na magurudumu, halafu bodi utaijenga mwenyewe kwa karatasi ngumu au plastiki. Magurudumu ya HO yataonekana madogo kidogo chini ya behewa la 1:60, na mataruma yatakuwa yamebanana mno. Tatizo la mataruma hutatuliwa kwa kukata vishikizo vya plastiki vilivyo chini ya njia na kuyasogeza yaachane. La magurudumu linavumilika.

Je, naweza kujenga njia yote ya Mwanza hadi Isaka?

Huwezi. Kilometa 341 katika HO ni zaidi ya kilometa 3.9 za njia mezani. Chagua mahali pamoja penye shughuli, kama Mwanza Kusini, Fela au Malampaka, na hata hapo ukubali kufupisha.

Ninaishi chumba cha kupanga, na nyumba yenyewe iko mlimani. Nitaiweka wapi reli?

Jenga kwa vipande vinavyoungana. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi nane kwa nne hutoa vipande vinne vya takriban sentimeta 122 kwa 61, na kila kipande kikiwekewa fremu ya mbao nyepesi chini yake mtu mmoja hukibeba bila msaada. Wanaoishi Igogo, Mabatini au miinuko ya Bugando, ambako mzigo hupandishwa kwa ngazi za mawe, wanaelewa kwa nini ninasisitiza uzito. Plaiwudi ya milimeta 9 inatosha ikiwa fremu ina mbao za kukatiza. Ile ya milimeta 18, ambayo fundi seremala atakushauri kwa nia njema, ni ya kutengenezea kabati.

Upana wa sentimeta 61 hautoshi kugeuza njia ya HO mduara mzima, kwa sababu kona ya HO yenye nusukipenyo cha sentimeta 46, ambayo tayari ni kali, inahitaji ubao wa karibu meta moja. Kwa hiyo reli ya vipande itakuwa ya kwenda na kurudi, na mimi sioni hasara yoyote hapo: treni halisi haizunguki stesheni ileile kila dakika. Mwenye kutaka mduara ahamie N, ambako kona ya sentimeta 25 inaingia kwenye kipande hichohicho.

Wikendi moja inatosha kumaliza kazi gani?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo ambalo watu wengi hulijibu vibaya kwa kulipima kwa saa. Muda wa mikono ni mfupi. Kinachokula wikendi ni muda wa kukauka. Gundi nyeupe ya mbao inayoshika kokoto za reli huhitaji usiku mzima, plasta nene huhitaji zaidi ya hapo, na rangi ya mafuta inaweza kukufikisha Jumatatu. Mtu anayeanza kumwaga plasta Jumapili saa tisa alasiri amejihakikishia kwamba hatagusa kipande hicho hadi Jumamosi ijayo, na kwamba atakihifadhi kikiwa kibichi juu ya kabati, mahali ambapo mjusi au paka atakiona kabla yake.

Kwa sababu hiyo, panga kazi kwa kufuata maji na gundi. Jumamosi asubuhi iwe ya kazi kavu zinazotangulia: kukata, kupiga msasa, kupima usawa kwa pima maji, kulaza njia na kulehemu nyaya. Jumamosi mchana, baada ya kuijaribu njia kwa behewa linalosukumwa kwa mkono, ndipo uingie kwenye kazi za majimaji: gundi, plasta, rangi ya ardhi. Halafu acha. Usiku ufanye kazi yake, na kwa wengi Jumapili asubuhi ni ya ibada hata hivyo, hivyo kipande hupata saa nyingine kadhaa za kukauka bila mtu kukidonoa kwa kidole. Jumapili alasiri ni ya kusafisha uso wa reli, kupitisha treni na kurekebisha.

Ukifuata mpango huo, wikendi moja inatosha kwa mojawapo ya haya: kujenga fremu na ubao wa kipande kimoja, kulaza njia na nyaya za kipande kimoja chenye pointi moja au mbili, yaani mahali njia inapogawanyika, kumwaga kokoto na kuzigundisha kwenye kipande kizima, au kujenga jengo moja la kati. Haitoshi kwa mawili kati ya hayo. Anayejaribu kuunganisha kulaza njia na kumwaga kokoto katika wikendi moja anazika makosa ya njia chini ya gundi, na kuyafukua ni kazi ya patasi.

Kipimo changu cha maendeleo ni kimoja: Jumapili jioni kuwe na kitu kinachofanya kazi ambacho Ijumaa hakikuwapo. Njia isiyo na kokoto lakini inayopitisha treni pasipo kuikwamisha ni maendeleo. Mlima mzuri juu ya njia isiyojaribiwa si maendeleo hata ukipigwa picha.

Nitajuaje kwamba njia imelazwa vizuri?

Chukua behewa refu kuliko yote uliyonayo, lisukume polepole mbele na nyuma, halafu lifanyie hivyo likiwa limeunganishwa na jingine fupi. Kisha sukuma mabehewa matano kwa kurudi nyuma kupitia pointi, kwa maana kosa ambalo treni inayovuta hulisamehe, treni inayosukuma hulianika. Pitisha ukucha kwenye kila kiungio cha reli. Mahali unapokwaruza, gurudumu nalo litakwaruza. Tupa ndogo humaliza kazi.

Kuhusu mwinuko, asilimia 2 ni kiwango cha busara na asilimia 4 ni mwisho wa uvumilivu. Kwa asilimia 2, ili njia moja ipite juu ya nyingine katika HO kwa nafasi ya sentimeta 7.5, unahitaji meta 3.75 za kupanda. Mandhari ya Mwanza hushawishi watu kupandisha treni milimani. Reli yenyewe ilipita mabondeni kadiri ilivyoweza, nasi tufanye hivyo.

Kokoto za njia nizipate wapi?

Hapa ndipo Mwanza inapowazidi wenzetu wanaoagiza pakiti za kokoto ndogo kutoka ng'ambo. Pale ambapo mawe ya granite huvunjwa kwa ajili ya ujenzi, chini ya rundo hubaki vumbi na chembe za kijivu ambazo hakuna anayezihitaji, na rangi yake ni ya jiwe hilohilo linalowekwa kwenye njia halisi. Omba ndoo ndogo, ioshe mara kadhaa, ianike juani, kisha ichekeche mara mbili. Kokoto halisi za reli huwa na milimeta 30 hadi 60 kwa makadirio, hivyo katika 1:60 unatafuta chembe za nusu milimeta hadi milimeta moja. Chekecho la unga litaondoa kubwa, na kichujio cha chai kitaondoa vumbi. Kinachobaki kati ya viwili hivyo ndicho chako.

Kabla ya kumwaga, pitisha sumaku juu ya chembe zote zikiwa zimetandazwa kwenye gazeti. Mawe na michanga ya eneo letu inaweza kuwa na chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku, na chembe moja ikiingia kwenye mota ya kichwa cha treni itasaga kila kitu. Mchanga wa ufukweni nauepuka pia kwa sababu ya vipande vya makombe, ambavyo hung'aa na kuharibu sura.

Kugundisha ni hivi. Tandaza kokoto kwa brashi laini, ukihakikisha hakuna inayolala juu ya taruma au kugusa ndimi za pointi. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya maji hadi zilowe kabisa; bila sabuni, gundi itajikusanya matone na kuzibeba kokoto. Kisha dondoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Itaonekana kama maziwa yamemwagika na utadhani umeharibu kila kitu. Ikikauka hupotea.

Kuna kitu gani cha kulaza chini ya njia ili isipige kelele?

Wazungu hutumia gome laini linalotengenezewa vizibo vya chupa, likiwa limekatwa kama karatasi nyembamba. Raba laini za kutengenezea ndala hufanya kazi hiyohiyo, hupatikana kwa mafundi viatu, na hukatika kwa kisu cha kawaida. Hakikisha tu unene ni mmoja kotekote.

Miamba ya Mwanza ninaitengenezaje bila kubeba mawe ya kweli?

Mawe ya kweli ni mazito, na zaidi ya hapo hudanganya kipimo: chembechembe za granite zinazoonekana kwa macho katika jiwe la ngumi moja huwa kubwa kama vichwa vya watu mara tu unapoliweka kando ya treni ya 1:60. Tumia lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni na friji. Gundisha tabaka mbili au tatu, chonga kwa kisu chenye makali, kisha funika kwa vipande vya karatasi laini vilivyochovywa kwenye gundi nyeupe na maji, na mwisho paka plasta nyembamba kwa brashi.

Kabla ya kuchonga, toka ukaangalie. Miamba yetu haina kona kali kama ya milima ya Ulaya inayoonekana kwenye video za mafunzo; imezunguka, imepasuka kwa mistari iliyonyooka, na mara nyingi jiwe moja limekaa juu ya jingine kwa namna inayotia shaka, kama lile la Bismarck linaloonekana kutoka ufukweni. Ukichonga mviringo tu utapata viazi. Chonga kwanza nyufa, halafu zungusha kingo za kila kipande. Rangi ya msingi ni kijivu kinachoelekea kwenye uwaridi, juu yake michirizi myeusi pale maji ya mvua yanapoteremka, na kwa miamba iliyo ndani ya ziwa, weupe wa kinyesi cha ndege juu kabisa. Watu huusahau weupe huo.

Na ziwa lenyewe?

Ubao bapa uliopakwa rangi, kisha vanishi ya kung'aa kwa tabaka nyingi nyembamba, kila moja ikiachwa ikauke. Kina hutokana na rangi ya chini, siyo na unene wa vanishi: hudhurungi na kijani karibu na ukingo, samawati nzito ya kijivu kuelekea ndani. Tabaka moja kila Jumamosi jioni, baada ya kazi nyingine zote kwisha, ni mwendo mzuri.

Je, magugu maji niyaweke?

Ikiwa treni yako ni ya miaka ya 1960, usiyaweke. Magugu maji yalianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Swali hili linaonekana dogo, lakini linatufikisha kwenye lile linalofuata, ambalo wengi hulikwepa.

Kwa nini nichague kipindi cha miaka, na nichague kipi?

Kwa sababu maandishi yaliyo ubavuni mwa behewa humwambia mtazamaji mwaka. Shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa herufi EAR&H, liliundwa mwaka 1948; mwaka 1969 reli na bandari zilitenganishwa; na mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, Tanzania ikawa na shirika lake, TRC. Mwaka 2007 ikaja kampuni ya TRL, na mwaka 2017 jina la TRC likarudi. Behewa lenye EAR&H likisimama chini ya nyaya za SGR ni kosa ambalo mzee yeyote aliyefanya kazi relini ataliona kutoka mlangoni.

Mimi huwashauri wanaoanza kuchagua mwisho wa miaka ya 1960, kwa kuwa mvuke na dizeli vilikuwa pamoja na meli za kuvusha mabehewa ziwani zilikuwa zimeshaanza kazi. Wapo wanaopendelea leo, kwa hoja kwamba wanaweza kwenda kituoni na kupima kwa macho. Hoja hiyo ina nguvu. Ila ukienda, omba ruhusa kabla ya kupiga picha au kusogelea njia.

Ninaweza kuweka kichwa cha treni ya mvuke cha aina ya Garratt, daraja la 59, katika stesheni ya Mwanza?

Unaweza, reli ni yako, lakini havikufanya kazi huku. Vichwa vile 34 vilivyojengwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, vilikuwa vya njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Kimoja, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Kina uzito wa takriban tani 250, na mfano wake hauwezi kupita kona kali za ubao mdogo bila kuning'inia nje kwa namna ya kuchekesha.

Ni eneo gani la Mwanza linalofaa zaidi kwa kipande cha kwanza?

Nasema bila kusita: gati la Mwanza Kusini, mahali mabehewa yanapoingizwa melini. Meli za mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, ni za miaka ya 1960, na kazi yake ilikuwa kuunganisha reli ya Mwanza na zile za Kisumu na Uganda kupitia majini. Kwa mjenzi wa mfano, gati hilo lina faida tatu kwa mpigo. Ni dogo, kwa hiyo linaingia katika vipande viwili. Lina kazi ya kweli ya kupanga mabehewa, si ya kuzunguka tu. La tatu ndilo bora: meli yenyewe inaweza kujengwa kama sinia lenye njia juu yake, ambalo mabehewa yakishapakiwa unalinyanyua na kuliweka kwenye rafu, na hivyo likawa ghala la treni lisilochukua nafasi mezani. Wajenzi wa kwingine hutenga nusu ya ubao wao kwa njia za kuficha treni. Sisi tumepewa ziwa lifanye kazi hiyo.

Usijaribu kuitengeneza meli kwa urefu wake wote. Meli ya meta 90 katika 1:60 ni meta moja na nusu. Jenga sehemu ya mbele tu, au ifupishe ibebe mabehewa manne hadi sita kwenye njia mbili.

Uendeshaji wake una kanuni mbili zinazofanya mchezo uwe mgumu kwa namna nzuri, na zinatumika katika bandari nyingi za aina hiyo duniani. Mabehewa hupakiwa kwa zamu upande huu na upande ule, ili meli isilale ubavu. Na kichwa cha treni, kwa uzito wake, hakikanyagi daraja la kuingilia melini. Huweka mabehewa matupu kati yake na mzigo, kisha husukuma kutoka nchi kavu. Jaribu kupakia mabehewa sita kwa kufuata kanuni hizo mbili ukiwa na njia fupi ya kupishana, na Jumapili alasiri yako itakuwa imekwisha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi nifanyeje?

Kwa reli ya volti 12 ya mkondo mnyoofu, betri ya pikipiki inatosha kuendesha treni kwa muda mrefu. Lakini weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri, jambo ambalo silifanyii mzaha. Kichwa cha HO kwa kawaida hula chini ya ampea moja, ilhali betri ikigusanishwa nyaya zake hutoa mkondo unaoweza kuyeyusha waya na kuwasha plaiwudi. Wenye vifaa vilivyonunuliwa Marekani wakumbuke kwamba huko umeme wa nyumbani ni volti 120, na kwetu ni 230. Kibadilishaji cha huko kikichomekwa hapa hakitadumu, nacho kinaweza kuungua.

Treni inakwenda vizuri karibu na swichi, lakini ikifika mbali inalegea. Tatizo ni nini?

Umeme unapungua kwenye viungio vya reli. Pitisha chini ya ubao nyaya mbili kuu za milimeta za mraba 1.5, zile za kufungia taa za nyumba, na kutoka kila kipande cha reli teremsha waya mwembamba uliolehemiwa. Unapolehemu weka pamba yenye maji pande zote mbili, ugusishe moto kwa muda mfupi, na uso wa chuma uwe umepigwa msasa kwanza, maana mataruma ya plastiki huyeyuka upesi.

Njia yangu ilikuwa imenyooka nilipoilaza. Sasa imejikunja kama nyoka. Ni joto?

Kwa sehemu ndogo. Meta moja ya reli za mfano hurefuka kwa takriban robo milimeta joto likipanda kwa nyuzi 15, na tofauti ya joto ya Mwanza kati ya alfajiri na mchana haizidi hapo sana. Mkosaji mkubwa ni mbao. Zilizonunuliwa na kufungwa wakati wa masika zimevimba kwa unyevu; kiangazi kikifika, Juni hadi Agosti, hunywea, na reli ambayo haikunywea haina pa kwenda ila pembeni. Zianike mbao ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuzikata, paka rangi pande zote pamoja na kingo na upande wa chini, na unapolaza njia wakati wa mvua acha upenyo wa unene wa kadi ya simu kwenye kila kiungio cha pili au cha tatu. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, unaouzwa kwa ajili ya makabati ya bei nafuu, usiutumie kabisa karibu na ziwa. Ukinywa maji haurudi.

Paa la bati la stesheni hutengenezwaje?

Mawimbi ya bati la kawaida hupishana kwa milimeta 76, ambazo katika 1:60 ni kama milimeta 1.27. Nyuzi za boliti ya M8 zina milimeta 1.25. Laza karatasi nene ya aluminiamu juu ya boliti, bonyeza kwa kijiti cha meno mfereji kwa mfereji, kata vipande vyenye upana wa bati moja moja, gundisha vikipandiana. Wa HO atumie M5.

Vifaa nilivyoagiza havijafika. Wikendi ipotee?

Usiwe na orodha moja ya kazi. Uwe na mbili. Ya pili iwe ya kazi zisizotegemea chochote kutoka nje: mabati, miti, miamba, kuchekecha kokoto, mitumbwi, mataruma. Miti mizuri hutokana na vijiti vikavu vya magugu ya kando ya barabara, na hiyo haipiti forodhani.

Watoto washirikishwe?

Ndiyo, tangu mwanzo, isipokuwa kwenye kulehemu na kisu. Mtoto anayeruhusiwa kuwa mkuu wa stesheni haangushi mabehewa.

Sijaigusa reli yangu kwa muda mrefu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuifagia kwa brashi laini kavu, ukielekea upande mmoja, ili vumbi lisiingie kwenye pointi. Kisha futa uso wa reli kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilichotiwa spiriti kidogo, ukibadilisha sehemu ya kitambaa kila inapokuwa nyeusi. Msasa usiutumie kwenye uso huo, kwa kuwa mikwaruzo yake hushika uchafu upesi zaidi ya hapo awali. Safisha magurudumu ya kichwa cha treni kwa kulaza kitambaa chenye spiriti juu ya njia na kukiacha kichwa kizungushe magurudumu juu yake huku umekishika, upande mmoja baada ya mwingine. Sukuma mabehewa kwa mkono kupitia kila kiungio na kila pointi kabla ya kuwasha umeme. Baada ya hapo endesha kichwa kikiwa peke yake, polepole, mwendo wa kwenda na kurudi mara chache, na ndipo uunganishe treni.